UZI: Transkripsheni ya kimatibabu, fani zake zikoje na anayeanza aanzie wapi

#1 Mleta uzi

Wakuu salaam. Kila mara naona mtu anauliza habari ya transkripsheni ya kimatibabu na majibu yanayokuja ni mafupi mno, "jifunze misamiati ya kitabibu alafu omba kazi", bas. Kazi hii nimeifanya muda mrefu na naipenda kutoka moyoni, ndo maana nimeona niweke uzi mmoja wa kueleweka, anayekuja nyuma akute pa kushikia. Ni mrefu, kama una haraka rudi ukiwa umetulia.

Kwa wasioijua kabisa: daktari akishamwona mgonjwa anarekodi maelezo kwa sauti, alikuja na nini, kapimwa nini, kakutwa na nini, kapewa dawa gani. Wewe unasikiliza ile odio unaigeuza ripoti ya maandishi inayoingia kwenye faili la mgonjwa. Siku hizi sehemu kubwa ya kazi inakuja imeshaandikwa na programu ya kutambua sauti, unasikiliza huku unaihariri. Iwe unaandika mwanzo mwisho au unahariri, elimu inayotakiwa ni ileile, na anayekwambia kuhariri ni kazi rahisi hajakutana na odio mbovu. Soko kubwa tangu zamani ni Marekani kwahiyo kazi nyingi ni za Kiingereza, tena Kiingereza cha madaktari waliotoka kila pembe ya dunia, sikio lako lazima lizoee lafudhi.

Sasa nije kwenye nilichokuja kusema. Watu wengi wakianza wanauliza "nichague fani gani, moyo au mifupa?" Mimi nasema hilo swali linakuja la pili. La kwanza ni je unaenda kwenye kazi za hospitali kubwa au za kliniki? Hapo ndo maisha yako yanapoamuliwa.

Kazi za hospitali kubwa zina ripoti nne ambazo ni lazima uzijue: ile ya historia na uchunguzi wa mgonjwa anapolazwa, ripoti ya daktari bingwa aliyeitwa kutoa maoni, ripoti ya upasuaji, na muhtasari wa mgonjwa anaporuhusiwa kwenda nyumbani. Kwenye hizo nne unakutana na fani ZOTE. Asubuhi umeandika mshtuko wa moyo, faili linalofuata ni mtu kavunjika nyonga, linalofuata ni mama kajifungua kwa upasuaji, na kila moja ni sauti ya daktari mwingine ambaye hujawahi kumsikia. Anayeanza akitupwa huko bila maandalizi anakata tamaa mapema alafu anasema kazi haimfai, kumbe kaanzia mlango wa nyuma.

Kliniki ni tofauti. Madaktari wachache, fani moja, wagonjwa wanaorudi rudi na matatizo yaleyale. Unazoea sauti zao, unajua dokta huyu akisema haraka neno fulani anamaanisha nini, dawa ni zilezile. Ripoti zenyewe mara nyingi zinafuata muundo wa SOAP uliotokana na kazi ya daktari Lawrence Weed wa Marekani miaka ya 1960, yaani kwanza anachosema mgonjwa mwenyewe, alafu alichokiona na kukipima daktari, alafu tathmini yake, mwisho mpango wa matibabu. Ukishaujua huo muundo hata daktari akirukaruka unajua sentensi yake inakaa wapi.

Ushauri wangu: anzia kliniki au fani moja yenye maneno yanayojirudia, alafu panua taratibu.

#2 Mleta uzi

Naendelea. Fani zenyewe sasa. Sitazieleza zote kwa urefu sawa maana hazilingani.

RADIOLOJIA. Hii naipendekeza sana kwa wanaoanza. Ripoti ni fupi na zina mpangilio usiobadilika: kipimo gani kimefanyika, kwanini, kilifanywaje, kilichoonekana, mwisho hitimisho la daktari. Nyingi zina templeti, hasa picha za kifua zisizo na tatizo. Ugumu wake ni kasi, madaktari wa mionzi wanaongea kama wanakimbizwa, na vipimo vya sentimita na milimita vinamwagika mfululizo. Na pingili za mgongo, L4 na L5 sio mapambo, ukikosea pingili moja umemhamisha mgonjwa tatizo. Ila jueni pia hapa ndipo programu za sauti zilipoingia mapema sana, kwahiyo mtakachopata zaidi ni uhariri.

MOYO. Fani tamu ukishaelewa mishipa mitatu mikuu inayolisha moyo na matawi yake. Ripoti za kuingiza mrija kwenye mishipa ya moyo zinaenda kwa utaratibu unaoweza kuufuata kama unamwona daktari anafanya. Namba ni nyingi, asilimia za kuziba kwa mshipa, asilimia ya damu inayosukumwa nje kila pigo, sauti za ziada za moyo (murmur) zinazopimwa kwa daraja la 1 hadi 6. Jifunze kusikia namba kabla ya maneno.

MIFUPA. Sehemu za kliniki ni rahisi, goti, bega, nyuzi (digrii) za kukunja na kunyoosha. Upasuaji ndo kuna kazi, skrubu, sahani za chuma, nyuzi za kushonea zenye namba zake kama 3-0, na vipimo vyenye majina ya watu kama Lachman na McMurray kwa ajili ya goti. Kuna mtego mmoja maarufu: abduction ni kupeleka kiungo mbali na mwili, adduction ni kukirudisha kuelekea mwilini. Kwenye odio zinakaribia kufanana kabisa. Daktari mwenye huruma anatamka herufi, "A-B-duction". Asiye na huruma unabaki kuisoma sentensi nzima kutafuta maana.

UZAZI NA MAGONJWA YA WANAWAKE. Ina vifupisho vyake, G na P kwa idadi ya mimba na uzazi, na alama za Apgar za kupima hali ya mtoto mchanga. Hizo zilibuniwa na daktari Virginia Apgar miaka ya 1950, mtoto anapewa alama kati ya 0 na 10 dakika ya 1 na dakika ya 5. Ukisikia Apgar 18 jua umesikia vibaya, mwisho ni 10.

MISHIPA YA FAHAMU na ubongo: ngumu, sikushauri uanze nayo. Ila jifunze kipimo cha Glasgow cha mwaka 1974, kile cha kupima fahamu za mgonjwa, kwa sababu kinatokea hata kwenye ripoti za dharura, kinaanzia 3 kinaishia 15. Hakuna 2, hakuna 16.

MAGONJWA YA AKILI: maneno ya kitabibu ni machache ila masimulizi ni marefu na ni mazito, mtu anaeleza maisha yake. Kuna wanaoipenda sana na kuna ambao usiku hawalali. Jipime.

PATHOLOJIA na SARATANI zinahitaji uwe umeiva. Maelezo ya nyama iliyokatwa, rangi, uzito, ukubwa kwa pande tatu, alafu kile kilichoonekana kwenye hadubini. Daraja za TNM zinazoonyesha saratani imesambaa kiasi gani, alama za Gleason zinazoonyesha ukali wa saratani ya tezi dume. Hapo tarakimu moja inabadilisha matibabu ya mtu.

#3

Mkuu shukrani sana kwa uzi. Mimi naandika haraka, Kiingereza changu kizuri, nimeshafanya transkripsheni ya kawaida ya mahojiano na mikutano. Naweza kuruka moja kwa moja? Na vifaa gani?

#4 Mleta uzi

Karibu sana mkuu. Ulichonacho ni mtaji lakini usiruke. Kwenye mahojiano ukikosea neno msomaji anaelewa, huku ukikosea neno mtu anameza kitu. Nitawapa mfano wa kweli, uko kwenye rekodi za mahakama. Alabama, Marekani, mwaka 2008, mgonjwa wa kisukari alikuwa anatoka hospitali. Dozi ya insulini ilikuwa uniti 8. Muhtasari ulioandikwa na wanukuzi wa nje ya nchi ukatoka na uniti 80. Ile karatasi ikaenda alikohamishiwa bila daktari kuipitia, akachomwa 80, akapoteza maisha. Mwaka 2012 jopo la wananchi mahakamani (jury) likaamua familia ilipwe dola milioni 140. Sifuri moja wakuu. Mimi kila nikisikia namba ya dozi mkono unapunguza mwendo wenyewe.

Na ndo maana Marekani ile taasisi inayothibitisha ubora wa hospitali, Joint Commission, mwaka 2004 iliweka orodha ya vifupisho visivyoruhusiwa. U ya uniti hairuhusiwi maana kwa mwandiko inasomeka kama 0. Huandiki 1.0 mg, unaandika 1 mg, kwa sababu nukta ikipotea inasomeka 10. Na huandiki .5 mg, unaanza na sifuri, 0.5 mg. QD ya kila siku nayo imepigwa marufuku, andika maneno kamili. Hii orodha ishike leo leo, haihitaji kozi.

Vifaa: hedifoni nzuri inayofunika masikio, kompyuta yoyote isiyokwamakwama, na pedali ya mguu. Watu wanadharau pedali. Kanyagio la katikati linacheza odio, moja la pembeni linarudisha nyuma, jingine linapeleka mbele, mikono yako haiondoki kwenye kibodi hata mara moja. Alafu programu ya kupanua vifupisho, unaandika herufi tatu inatoka sentensi nzima ambayo daktari wako huisema kila siku. Malipo mengi yanahesabiwa kwa mstari, na mstari kwa kawaida ni herufi 65 pamoja na nafasi, kwahiyo kila sentensi unayoipanua kwa herufi tatu ni muda umeuokoa. Mstari wa kuhariri kwa kawaida unalipwa chini ya mstari ulioandika mwenyewe, soma mkataba vizuri kabla ya kusaini.

#5

Mimi ni muuguzi kitaaluma, nimefanya wodini miaka kadhaa. Naunga mkono ila naomba kupinga kidogo, sisi tulio wauguzi sioni kwanini tuanzie kliniki. Misamiati tunayo, dawa tunazijua, tunaingia kazi za hospitali moja kwa moja.

#6 Mleta uzi

Dada yangu hoja yako ina uzito, anatomia na dawa ndo nusu ya safari na wewe umeshaivuka. Nakubali mnaweza kuanzia juu zaidi yetu.

Ila kuna mtego mmoja wa wenye taaluma. Mnajua sana kiasi kwamba mnasahihisha. Daktari kaanza ripoti na goti la kushoto, kwenye mpango wa upasuaji kasema goti la kulia. Wewe kwa uzoefu wako unajua dhahiri alimaanisha kushoto, unabadilisha unasonga. Hapana. Unaandika alichosema, unaweka alama ya tahadhari kwamba kuna mgongano, ripoti inarudi kwake aamue mwenyewe. Sisi hatumtibu mgonjwa, hatukumwona. Vilevile dozi isiyo ya kawaida, vilevile mgonjwa aliyetajwa kuwa mwanaume alafu katikati anakuwa mwanamke. Unaweka alama, huamui.

#7 Mleta uzi

Hili nimeulizwa na wengi pembeni, "nikishindwa kusikia nifanyeje". Hapa naomba msome taratibu maana kwangu ndo kiini cha kazi nzima.

ACHA PENGO. Usikisie.

Rudisha odio, ipunguze kasi, sikiliza tena. Soma sentensi ya kabla na ya baada. Angalia kama neno hilo daktari kalirudia mbele kwenye ripoti, mara nyingi analirudia kwa utulivu zaidi kwenye hitimisho. Tafuta kwenye kamusi ya kitabibu na orodha za dawa. Ikishindikana weka pengo, weka dakika na sekunde ya pale kwenye odio, andika "inasikika kama..." ili mkaguzi apate pa kuanzia. Pengo linajazwa na mtu mwingine kwa dakika moja. Neno la kukisia linaonekana zuri, linapita macho ya wote, linaishi kwenye faili la mgonjwa.

Angalieni hizi mnione sitii chumvi. Ileum ni sehemu ya mwisho ya utumbo mdogo, ilium ni mfupa wa nyonga, matamshi hayatofautiani. Dysphagia ni shida ya kumeza, dysphasia ni shida ya kuongea. Peroneal ni upande wa nje wa mguu chini ya goti, perineal ni kule chini kati ya sehemu za siri na njia ya haja kubwa. Dawa ndo kabisa: Celebrex ya maumivu ya viungo, Celexa ya sonona, Cerebyx ya degedege. Lamictal ya kifafa na Lamisil ya fangasi. Hydralazine ya presha na hydroxyzine ya mzio. Hapo hamna sikio litakalokuokoa peke yake, kinachokuokoa ni kujua mgonjwa anaumwa nini. Ripoti nzima inazungumzia fangasi wa kucha alafu unaandika dawa ya kifafa? Simama, rudi nyuma.

Na kumi na tano na hamsini za Kiingereza, kwenye odio mbovu zinafanana mno. Daktari makini anasema "moja tano". Asiposema, angalia kama dozi hiyo ipo kweli kwa dawa hiyo, na kama zote mbili zinawezekana, pengo.

#8

Samahani mtanisamehe, lakini AI haijaimaliza hii kazi? Mtu akaanze kujifunza leo kitu kinachokufa?

#9 Mleta uzi

Swali la haki kabisa mkuu na sitakupamba majibu. Nafasi zinapungua. Hata ofisi ya takwimu za ajira ya Marekani inatabiri ajira za wanukuzi wa kimatibabu zitaendelea kushuka. Madaktari wengine wanaandika wenyewe kwenye mfumo, wengine wana programu inayosikiliza mazungumzo yao na mgonjwa na kutoa ripoti yenyewe. Anayekuahidi utajiri wa haraka huku anakudanganya, na anayekwambia ulipe kwanza ndo upewe kazi kimbia, mwajiri wa kweli anakupa mtihani, hakutozi.

Ila kilichobaki kinahitaji watu wanaojua. Mashine inakosea kwa namna ambayo haionekani. Mgonjwa HANA maumivu ya kifua, daktari kakimeza kile kineno kidogo cha kukanusha, programu inatoa sentensi safi yenye sarufi nzuri inayosema maumivu anayo. Hakuna herufi iliyokosewa hapo, msomaji wa haraka haoni kitu. Anayeikamata ni mtu anayesikiliza huku anasoma, na anayejua kwamba mistari miwili chini daktari kasema moyo hauna tatizo. Uhariri, ukaguzi wa ubora, kumsaidia daktari kuandika wakati anamwona mgonjwa, hizo zote zinakula kwenye elimu hiihii. Ningekuwa naanza leo ningeanza, ila nisingeacha kazi nyingine niliyonayo kwanza.

#10

Na usiri je? Naona watu wanaomba wenzao "sampuli za odio za hospitali" humu mitandaoni.

#11 Mleta uzi

Asante kwa kuliibua. Msiombe na msitoe. Marekani kuna sheria ya HIPAA ya mwaka 1996 inayolinda taarifa za mgonjwa, na wewe mnukuzi unaingia ndani yake hata kama unafanyia kazi chumbani kwako. Kompyuta isiwe ya familia nzima, faili halipiti WhatsApp, hufanyi kazi kwenye intaneti ya wazi ya mgahawani. Mwaka 2003 mnukuzi mmoja aliyekuwa Pakistan alitishia kuanika mtandaoni rekodi za wagonjwa wa hospitali ya Chuo Kikuu cha California, San Francisco, kwa sababu hajalipwa, kazi ilikuwa imepita kwa mawakala kadhaa mpaka kumfikia yeye. Wapo wateja wanaosema wazi kwenye mkataba kazi isivuke mpaka. Kwahiyo usimpe mtu mwingine kazi uliyopewa wewe, hata ndugu, hata nusu saa.

Za kujifunzia tumieni odio zilizotengenezwa kwa mafunzo, zisizo na mgonjwa wa kweli ndani yake, zipo kwenye kozi na vitabu.

#12

Mimi sina taaluma ya afya kabisa, nimemaliza masomo ya biashara. Nipe mpangilio nianze Jumatatu, fani gani na nisome nini kwanza.

#13 Mleta uzi

Poa mdogo wangu. Anza na anatomia, sio orodha ya misamiati. Mchoro wa mwili mbele yako, mfumo mmoja kwa wakati, moyo na mishipa, mapafu, tumbo, mifupa. Ukishajua kitu kiko wapi jina lake halikutoroki. Sambamba na hapo jifunze viambishi vya kitabibu, hyper ni juu, hypo ni chini, itis ni kuvimba kwa kiungo (inflammation), ectomy ni kutoa kwa kukata. Ukiwa na viambishi mia moja hivi utafumbua maneno ambayo hujawahi kuyaona.

Ukitoka hapo soma ripoti za mfano nyingi sana kabla hujagusa odio. Watu wanaruka hii hatua na inawagharimu. Soma mpaka ujue sentensi inayofuata itakuwaje, maana huwezi kusikia usichokitegemea. Alafu odio za mafunzo, kliniki ya magonjwa ya kawaida kwanza, radiolojia ya pili. Usijali kasi. Kampuni nyingi zinadai usahihi wa asilimia 98 na kuendelea, na mtihani wao unaangalia usahihi, kasi inakuja yenyewe.

Vyeti sio lazima siku ya kwanza. Chama cha taaluma Marekani, kilichoanza 1978 kikaitwa AHDI tangu 2007, kiliweka ngazi mbili: RHDS kwa wanaoanza na walio kwenye fani moja, CHDS kwa waliofanya kazi za hospitali kubwa kwa miaka 2. Ona hata wao walitenganisha kliniki na hospitali.

Ukipata odio yako ya kwanza ya mazoezi isikilize yote bila kuandika chochote. Mara ya pili andika bila kusimama, acha mapengo yote yawe mapengo. Mara ya tatu yajaze unayoyaweza kwa kamusi. Alafu linganisha na majibu, na kila ulipokosea andika daftarini neno uliloandika na neno sahihi kando yake. Ukishakuwa na kurasa kadhaa njoo nazo hapa hapa tuziangalie, nataka kuona unakosea dawa, namba au anatomia, ndo tujue fani gani itakufaa.